Re: Mdogo wangu kagongwa Dallas, watu wa bima wanapiga simu kila siku

Dada pole sana, tunashukuru Mungu mdogo wako anatembea. Nimesoma ujumbe wako usiku nikiwa shifti nikashindwa kunyamaza maana na mimi yalinikuta hapa hapa Texas. Kwanza kabisa asiongee tena na bima ya yule aliyemgonga. Hamna sheria inayomlazimisha arekodiwe na bima ya mtu mwingine, bima yake mwenyewe ndio anatakiwa kushirikiana nayo, hiyo iko kwenye mkataba aliosaini.

Mimi nilivyogongwa nilishuka nikamkuta yule mama kashika usukani analia, nikamwambia sori, sori mama, kama mtu yeyote wa kwetu angefanya, si unajua kwetu mtu akijikwaa tu mbele yako unampa pole hata kama hujamgusa. Wiki mbili baadae mtu wa bima ananiuliza kwenye simu, uliomba msamaha pale barabarani? Nikasema ndiyo. Wakaniandikia asilimia 30 ya kosa ni langu wakati aliyepita taa nyekundu ni yeye!

Baadae ndio nikajua sheria ya Texas inatenganisha hayo mambo. Ukimpa mtu pole kwa maumivu yake, hayo maneno hayawezi kutumika kortini dhidi yako, ila ukiongeza "kosa langu" au "sikukuona", hayo yanaingia. Sisi tuna pole na tuna samahani, wao hapa neno ni lile lile moja, sori, na mtu wa bima sio jaji, yeye analichukua anavyotaka anapopatana na wewe bei. Na asilimia ndio hela yenyewe, Texas ukionekana una kosa zaidi ya asilimia 50 hupati kitu, chini ya hapo wanakata, yani madai ya dola 20,000 na kosa asilimia 30 unabaki na 14,000.

Alafu aangalie kama bima yake ina PIP, ile sehemu ya bima ya gari inayomlipa mwenyewe akiumia. Texas kampuni lazima waiweke labda uwe umeikataa kwa maandishi, inaanzia dola 2,500 na inalipa matibabu na sehemu ya mshahara bila kujali nani mkosaji. Wengi wetu tumeikataa bila kujua, siku ile unaambiwa saini hapa na hapa ili malipo ya mwezi yashuke. Inaniuma sana hii.

Na hao wanaojiita mawakili wanaompigia bila yeye kuwatafuta awakatie simu, sheria inawakataza, hata barua hawaruhusiwi kumtumia kabla ya siku ya 31 tangu ajali.

---

Naongezea kidogo, mimi niko Maryland na ndugu wa huku msichukue hizo hesabu za Texas mkadhani ni za Marekani nzima. Huku ukionekana na kosa hata asilimia 1 unaweza kukosa yote, Virginia na North Carolina nao hivyo hivyo. Kwa hiyo huku hiyo sori ni hatari zaidi. Muda wa kufungua kesi nao unatofautiana, Maryland miaka 3, Virginia na Texas miwili.

---

Asanteni kaka zangu. Nimemuuliza, anasema hajarekodiwa ila kuna karatasi hao watu wa bima wamemtumia kwa imeili asaini wampe dola 1,500. Bega bado halinyanyuki vizuri na eksirei ndio kwanza kapangiwa wiki ijayo. Alikuwa anataka kusaini leo maana kodi ya nyumba inadaiwa.

---

Dada mpigie sasa hivi asisaini. Akisaini kaachia madai yote, hata daktari akikuta bega linataka upasuaji hawezi kurudi kuwadai. Kodi tutaongea tuone tunachangaje. Nijibu tu ajali ilikuwa tarehe ngapi na kama polisi walifika, maana ripoti yao inanunuliwa mtandaoni dola 6, naweza kumsaidia kuitafuta leo nikitoka kazini.