Balinipa biro ya direktere paka hivi, formasio nitapata wapi?

mwalimu_wa_katuba
Yambo benu bote. Mi niko mwalimu wa primeri, D6 (diplome ya leta) ya pedagojike, nafundisha klasi ya sita mu masomo moya ya konvansione (shule ya leta yenye eglize inaongoza) hapa Lubumbashi. Juma yenye ilipita barua ya kordinasio (biro ya eglize yenye inaongoza masomo yake) ilifika, banasema tangu rentre ya Septemba njo mi direktere. Proficiat, proficiat, kila muntu anapika mikono. Sawa, lakini balinipa paka barua, kuko funguo na kashe zenye zinabakia kwa ule mwenye anatoka, basi.
Kufundisha najua, hesabu ya klasi ya sita hainiogopeshe. Ila kutunza makuta ya fonksionema (ya kuendesha masomo), kutuma liste ya bamwalimu ku DINACOPE (biro ya leta yenye inapanga mishahara ya bamwalimu) bila jina ya muntu kupotea, kuongoza bakubwa benye balinifundisha mi mwenyewe nikiwa mtoto, kusikilizana na komite ya bazazi, ile yote nani alishanionyesha? Nauliza benye bako ndani: nianzie wapi, na fasi gani banafundishaka badirektere kweli kweli, hapana seminere ya siku mbili ya perdiem na sukari?

mama_retrete
Proficiat mwanangu. Kitu ya kwanza: remise-reprise, ni kusema mwenye anatoka anakuachia kazi na bintu byote kwa karatasi. Usikamate funguo mbele haujahesabu. Mabanki, bitabu, registre ya batoto, dosie ya mwalimu moya moya na matrikule yake, kaye ya kese, madeni. Yote mu karatasi, munasinie benu wawili, kopi inaenda ku kordinasio. Juu kama ku karatasi kuko mabanki 60 na mu klasi unakuta 41, mwenye batauliza ni weye, hapana ule mwenye alienda.
Nyuma ya pale toka mu biro. Badirektere bengi banakaa kule kungojea bazazi na kupika tampo. Weye ingia ku klasi ya pili asubui, kaa ku banki ya nyuma, omba kaye ya mtoto wa pembeni ya dirisha. Ya ule wa mbele usiangalie, ule anaandikaka muzuri siku zote. Utakuta dikte haikukorijewa tangu juma mbili, ao utakuta mtoto alichora paka mistari, na fishi ya preparasio ya mwalimu ni safi, wino ya rangi mbili, kila kitu fasi yake. Sasa ile fishi ni ya nini? Ku rekre unaita mwalimu, polepole, batoto basisikie, unamuuliza leso ilipotelea wapi.
Na balimu bakubwa usibaletee kimo. Mu selule ya baze (mukutano ya bamwalimu ya kujifunza pamoja) omba mukubwa mmoya afundishe leso, bengine bakae nyuma baangalie, halafu munazungumuza. Ukianza na yeye, bale bengine habatakatala.

kampemba_hakulale
Mama mi nakuheshimia lakini formasio itafanya nini kama kuchagua kwenyewe ni kwa kujuana?? Tangu konvansio ya 1977 eglize njo inaongoza masomo yake, serikali inalipa na kutuma ba inspekta. Bon, hiyo peke yake si mubaya, kuko mapadri na bapasta benye banachagua muzuri sana. Lakini fasi ingine ukiimba mu korale ya muntu fulani, unapanda. Na tangu gratwite ya 2019 mu primeri ya leta, muzazi halipe tena, sasa makuta ya fonksionema ikichelewa direktere anaenda kukopa kreyo ku butike ya jirani. Hakuna diplome ya kukopa kreyo 😂 Baweke konkur, kila muntu apitie mulango moya.

kitabu_na_kalamu
@kampemba konkur sawa, lakini konkur inachagua muntu, haimufundishe. Majirani yetu balishaona ile zamani. Tanzania kuko ADEM, wakala ya leta tangu 2001, makao yake Bagamoyo, kazi yake ni kufundisha bakubwa ba masomo na ba inspekta namna ya kuongoza. Kenya kuko KEMI, mbele ya 2010 iliitwa KESI. Rwanda, Universite yao pamoja na VVOB, shirika ya Ubelgiji ya kusaidia elimu, balipanga diplome ya kuongoza masomo, direktere anasoma na huku anaendelea na kazi yake. Mi njo napenda ile ya tatu, juu leso ya leo unaijaribu kesho ku masomo yako.
Na kile mama anasema, batafiti pia balikikuta. Mu 2008 Viviane Robinson wa Nyuzilandi na benzake balikusanya matafiti ya inchi mbalimbali: kati ya bintu byote mukubwa wa masomo anafanya, chenye kilisaidia batoto zaidi ni yeye mwenyewe kuingia mu kujifunza pamoja na balimu bake. Kubatuma ku seminere na yeye kubakia mu biro hapana.
Hapa pita ku UNILU (Universite ya Lubumbashi), fakulte ya sikoloji na sayansi ya elimu, uulize programu ya jioni. Hata wakikwambia hakuna, tafuta direktere mwenye masomo yake inatembea, umuombe umufwate juma moya mbele ya rentre. Bengi batakubali, hakuna mwenye alishabaombaka.

mwalimu_wa_katuba
Aksanti sana. Ule wa kufwata nilishamufikiria, iko mama moya wa Ruashi. Tatizo ni remise-reprise: mukubwa mwenye anatoka anasema kuhesabu mabanki ni kumuita mwizi. Nifanye je?

mama_retrete
Usibishane naye. Hesabu na mulinzi na mwalimu mmoya, musinie benu watatu, andika tarehe, peleka ku kordinasio na bakupigie kashe ya kupokea ku kopi yako. Mbele ya Septemba, hapana nyuma.