Mjadala: Skripti ifungwe kwa neno gani, au iachwe iishe yenyewe?

Mwana Ujiji (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Jumamosi kikundi chetu cha filamu hapa Kigoma kinakaa kupitisha kanuni za uandishi wa skripti, na kilichotugawa ni kitu kimoja tu: mstari wa mwisho kabisa. Wapo wanaotaka kila mwandishi afunge kwa FADE OUT upande wa kulia, kama wanavyofanya Wamarekani. Wapo wanaotaka MWISHO katikati ya ukurasa. Wengine wanasema usiandike chochote, sini (onyesho) ya mwisho ijiseme. Nauleta hapa kwa sababu uamuzi huu utawagusa hata vijana wa Kasulu na Kibondo wanaotuletea kazi zao.

Msimamo wangu nausema mapema: neno la kufunga liwepo, na liwe la Kiswahili. Nimeumia, ndiyo maana nasema.

Mwaka juzi niliandika filamu fupi ya kurasa 32. Mama muuza dagaa wa Kibirizi anamsubiri mwanawe aliyevuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Kongo. Ukurasa wa 31, mama anakusanya dagaa walioanikwa, jua linazama, anaingia ndani. Ukurasa wa 32 ulikuwa na mistari saba: usiku, mlango unagongwa, mama amekaa kitandani, hainuki. Tulichapa nakala sita kwenye steshenari moja mjini, na huo ukurasa wa mwisho haukutoka hata kwenye nakala moja. Zikapigwa pini hivyo hivyo. Mimi nilikuwa Tabora msibani. Wenzangu wakashuti siku tatu, wakarudisha kamera ya kukodi. Niliporudi nikauliza, "Mlango mmeushutije?" Wakaniuliza, "Mlango gani?" Mama aliyeigiza alikuwa ameshasafiri.

Kama kila skripti yetu ingekuwa inafungwa kwa neno moja tulilolizoea, kukosekana kwa neno hilo kungewashtua. Wangenipigia simu.

Fundi Hariri, Mwanga

Pole sana, kaka. Lakini dawa ya ukurasa kupotea ni namba. Andika chini "uk. 31 kati ya 32" na hutasumbuka tena.

Mimi shida yangu ni FADE OUT. Watu wanaidhani ni neno la kuaga. Ni agizo, tena ni agizo langu mimi ninayehariri: picha ififie taratibu mpaka giza. Nililetewa kazi ambayo sini ya mwisho baba anaubamiza mlango usoni pa mtoto wake, halafu chini yake FADE OUT. Kishindo kile kinataka picha ikatike papo hapo. Nikimfuata mwandishi, nakipoza. Nikamuuliza kwa nini aliandika vile, akanijibu, "Si ndivyo skripti zinavyoishaga?" Hakuwa amefikiria kabisa picha yake ya mwisho inaondokaje machoni pa mtu. Hilo ndilo linaloniuma. Sini nzima ameiandika kwa uangalifu, halafu sekunde ya mwisho kaiachia mazoea.

Mwana Ujiji

Kuhusu FADE OUT nakuunga mkono kwa asilimia mia. Kuhusu namba, hapana. Namba inasaidia mpaka siku mnapoanza kubadilisha. Kwenye utengenezaji mkubwa wa Marekani, kurasa za marekebisho huchapwa kwenye karatasi za rangi, na ukurasa unaoongezwa baada ya wa 31 huitwa 31A ili namba za mbele zisivurugike. Sisi karatasi za rangi hatuna. Tunatumiana sini mpya kwa WhatsApp usiku wa kuamkia kushuti. Asubuhi ile "kati ya 32" yako tayari si kweli. Neno la kufunga linabaki chini palepale hata mkiingiza kurasa kumi katikati.

Kijana wa Kibondo

Shikamooni wakubwa. Mimi natetea FADE OUT. Tunatumia herufi za Courier ukubwa wa 12, tunaandika mahali na muda juu ya kila sini, vyote tumevitoa huko. Kwa nini tukatae hiki kimoja? Nataka kazi yangu siku moja isomwe na watu wa nje, wasinione sijui kanuni.

Fundi Hariri, Mwanga

Marahaba mdogo wangu. Courier tumeichukua kwa sababu inatufanyia kazi: herufi zote zina upana mmoja, na ukurasa mmoja unakaribia dakika moja ya filamu, kwa hiyo tunapima urefu kabla ya kukodi kamera. Mpangilio wa sini unamsaidia anayepanga ratiba. Hiyo FADE OUT ya mwisho inamfanyia nani kazi hapa? Huko kwenyewe ni desturi tu, na waandishi wengi siku hizi hawaiweki. Msomaji wako wa kwanza ni mwigizaji wa Kigoma. Anayefuata ni msomaji wa Bodi ya Filamu unapoomba kibali, naye anasoma Kiswahili kama wewe.

Sini ya Saba

Mimi niko upande wa kutoandika chochote, na naomba nisikilizwe.

Mtazamaji haioni skripti. Filamu za zamani za Marekani ziliweka majina karibu yote mwanzoni, na zikiisha linakuja bango la The End. Kuanzia miaka ya 1970 majina yakahamia mwishoni, lile bango likaanza kupotea, na hakuna aliyebaki kwenye kiti akiuliza kama imeisha. Picha yenyewe ilimwambia.

Na sisi hapa maneno ya mwisho yametutesa. Kumbukeni enzi za CD. Unanunua filamu, unakaa na familia, inafika patamu, inaandikwa "Usikose sehemu ya pili". Hadithi ya saa moja ilivutwa mpaka ikajaza diski mbili, watu wanapanda ngazi dakika nne, gari linaegeshwa dakika tatu. Lile neno la mwisho ndilo lililobeba ulaghai wote. Tangu hapo mwandishi akiniandikia kwa herufi kubwa kwamba hadithi imeisha, siangalii neno, naangalia sini iliyo juu yake. Kama haijaisha pale, neno halitaimaliza.

Mwalimu wa Fasihi, Kasulu

Mwakeye, ndugu zangu. Nimefuatilia tangu mwanzo.

Sini ya Saba anasema kweli kuhusu zile CD, lakini kosa lilikuwa la wafanyabiashara, tusiliadhibu neno. Fasihi yetu haijawahi kuogopa kutamka kwamba imefika. Wasimulizi wa pwani walifunga ngano kwa kusema hadithi imekwisha, ikiwa njema ni ya wote, ikiwa mbaya ni ya msimulizi peke yake. Tazameni uzito wa kauli hiyo! Msimulizi anakabidhi kazi na kubeba lawama kwa wakati mmoja. Washairi nao kwenye ubeti wa mwisho husema kaditamati, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya "imekwisha kutimia".

Ndiyo maana mimi napendekeza TAMATI badala ya MWISHO. Mwisho ni mahali kitu kinapokomea, hata kamba iliyokatwa ina mwisho. Tamati inabeba utimilifu. Mwandishi akiandika TAMATI anawatamkia wenzake: nimetimiza, hakuna nilichobakiza, sasa shikeni nyinyi.

Mtu wa Bandarini

Tunaitwa watu wa mwisho wa reli, na mimi kila wiki naona huo mwisho unavyofanana. Mzigo unashuka kwenye behewa, unavuka kwenda gatini, unapakiwa kwenda Bujumbura, Kalemie au Mpulungu. Reli imekoma, safari haijakoma. Hadithi nzuri kwangu ni hiyo, nikitoka ibaki inakwenda. Mkipiga muhuri wa TAMATI mnaifunga.

Mwana Ujiji

Kaka, hadithi iendelee kichwani mwa mtazamaji mpaka achoke, sina ugomvi. Lakini pale stesheni pameandikwa Kigoma, abiria anasoma anajua ashuke. Atakwenda wapi baada ya hapo ni shauri lake. Mimi nalitaka hilo neno kwa ajili ya walioshika karatasi. Kwenye skrini lisionekane kabisa.

Mwigizaji, Gungu

Mimi skripti naanza kuisoma kwa nyuma. Nataka kujua mtu wangu anaishia wapi ndipo nijue namwanzaje. Nikikuta ukurasa wa mwisho hauna alama, siku nzima nina wasiwasi. Liwekeni tu hilo neno.

Ila kaka wa Ujiji, hukutuambia: filamu yako bila ule mlango ilipokewaje?

Mwana Ujiji

Dada, umeniuliza nilichokuwa nakikwepa. Tuliionyesha kwenye ukumbi mmoja Mwandiga. Mama alipoingia ndani na jua likazama, watu walikaa kimya, kisha wakapiga makofi. Hakuna aliyesema kuna kitu kimepungua. Bibi mmoja alinishika mkono akaniambia mtoto wake naye alivuka hivyo hivyo.

Sini ya Saba atasema hiyo ni hoja yake, na ni kweli. Lakini mimi niliandika mama anayesikia mlango ukigongwa na asiinuke, kwa sababu ameshajizoeza kuishi bila mtoto. Mama huyo hakuna aliyemwona. Aliyeonekana ni mwingine, mama anayesubiri tu. Makofi yale yalikuwa ya hadithi ambayo hakuna kati yetu aliyekaa akaichagua.

Rasimu ninayoipeleka Jumamosi ni hii: namna picha ya mwisho inavyoondoka ielezwe ndani ya sentensi ya mwisho, iwe inafifia au inakatika. Chini yake TAMATI, katikati. Tamthilia za mfululizo ziandike "Mwisho wa kipindi" na namba yake. Mwenye pingamizi aandike kabla ya Ijumaa jioni.

Sini ya Saba

Nitapiga kura ya hapana kwa TAMATI, na nitasimama kueleza kwa nini.

Ila kamera ninayo mpaka Jumapili, na huo mlango bado haujashutiwa. Mama aliyeigiza amesharudi?

Mwana Ujiji

Amerudi. Yuko Kibirizi.