Nimetuma "Heri ya Krismasi" kwenye kikoba, jirani yangu kajitoa. Nimekosa wapi?

Fundi wa Makorora

Habari za sikukuu jamani. Naandika roho ikiwa nzito, mniwie radhi likiwa refu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Mkatoliki, nimepanga Makorora miaka 11 sasa. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Muislamu, na siyo jirani wa kuazimana chumvi tu. Mwanangu wa pili alipopata degedege usiku, yeye ndiye aliyembeba mpaka kwenye bajaji, mimi natetemeka siwezi hata kufunga kanga. Kila Eid sinia lake la pilau linaingia kwangu limefunikwa kawa la ukindu ambalo pembeni limeanza kufumuka. Na sahani kati yetu hairudi tupu. Yake narudisha na maandazi, yangu inarudi na kashata au embe.

Kuku wangu wa Krismasi wanachinjwa na mume wake. Jioni ya tarehe 24 nawapeleka wawili wamefungwa miguu, shemeji anatoka na kisu chake, anaelekea kibla, anataja Bismillahi, ili chakula changu kiwe chakula chao pia. Mwaka 2024 Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi, wao wako katikati ya mfungo. Nilipika mchana, nikasubiri adhana ya magharibi ndipo nikapeleka, wakafuturu navyo. Ndivyo tunavyoishi.

Sasa juzi tarehe 25 asubuhi, kabla ya misa, nikatuma kwenye kikundi chetu cha kikoba, tuko wanawake 22: "Heri ya Krismasi wapendwa wangu wote, Mtoto Yesu azaliwe mioyoni mwenu." Sikufikiri mara mbili. Eid wanatuma wao, tunaitikia sote. Katekista wetu aliwahi kutueleza kuwa hata Vatikani inawatumia Waislamu salamu za mwisho wa Ramadhani kila mwaka tangu 1967, kwa hiyo kwangu kutakiana heri ni jambo la kawaida kabisa.

Jirani akajibu palepale mbele ya wote: "Hizo salamu mimi usinitumie. Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa." Dakika mbili hazijaisha, akajitoa kwenye kikundi. Na ana hisa zake, mgao ni mwezi wa kwanza!

Kuku nilimpelekea hivyo hivyo, maana mumewe ndiye aliyewachinja. Mtoto akapokea mlangoni, mama mtu hakutoka. Jioni sahani ikarudi. Tupu. Miaka 11 haijawahi kutokea. Niliishika nikakaa nayo kwenye kiti cha cherehani, machozi yakanitoka.

Wenzangu kikundini nusu wananiambia niombe radhi, nusu wananiambia nisimsalimie tena. Nauliza: mtu akikutakia heri kwa sikukuu yake, una haki ya kuudhika? Na mimi, nina haki ya kuudhika kwa alivyonijibu?

Mwenyeji wa Kisauni

Pole sana dada. Mimi ni Muislamu wa Mombasa, na nakwambia haya mambo ya salamu hata sisi kwa sisi yanatuumiza.

Kuna miaka huku mwezi unaandama Saudia na hapa haujaonekana. Nyumba hii inaswali Eid leo, ile ya pili bado imefunga inangoja tangazo la Kadhi Mkuu. Mimi nafuata mwezi wa huko, kakangu mkubwa anafuata wa hapa. Mwaka mmoja nikaenda kwake asubuhi na kanzu mpya, manukato yananukia, nikamwambia "Eid mubarak kaka" mbele ya watoto wake. Watoto wamefunga, midomo mikavu. Akanijibu, "Sisi bado tumo Ramadhani," akageuza uso. Niliona amenivunjia heshima. Yeye aliona nimekuja kumwambia mbele ya wanawe kwamba saumu yao ya siku ile ni bure. Tulikaa tangu mfungo ule mpaka Mfungo Tatu, mwezi wa Eid ya kuchinja, bila kupigiana simu. Ndugu wa tumbo moja, dini moja, kitabu kimoja.

Aliyetupatanisha ni mamangu. Siku hizi anapika biriani siku ya pili, sisi sote tumekwisha kufungua, ndipo anatuita. Salamu ya Eid tunapeana hapo kwake, haitangulii.

Kwa hivyo jibu langu: kuudhika huwezi kumkataza mtu. Mimi nililikosea lile neno kwa wakati na mahali, na sikujua hadi nilipoambiwa. Mwendee jirani yako umuulize ni nini hasa kilichomchoma.

Mzalendo wa Dodoma

Ndiyo maana mimi naona hizi salamu za dini ziishie makanisani na misikitini. Zamani kiongozi akipanda jukwaani anaanza Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, na bado kuna anayelalamika kasahauliwa. Mwaka 2021 Rais Samia akaanza kusema "Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania," watu wote wakaitikia "Kazi iendelee," hakuna aliyeachwa nje. Kikoba ni cha pesa. Ongeeni pesa.

Fundi wa Makorora

Kaka wa Dodoma, jukwaani nakubaliana na wewe kabisa. Lakini mimi sina jukwaa, nina jirani. Siku ya Eid akinifungulia mlango na sinia mkononi, nimwambie kazi iendelee? Nikimnyamazia sikukuu yake nitakuwa nimemnyima kitu.

Msomaji wa Mwanza

Niseme kidogo kwa upande ambao wengi wanausahau. Mimi ni Shahidi wa Yehova. Ni Mkristo, lakini Krismasi sisherehekei, kwa sababu Biblia haitaji tarehe aliyozaliwa Yesu wala haituagizi kuiadhimisha. Desemba nzima kazini natakiwa heri hiyo na kila anayeingia. Mara ya kwanza nilikuwa naanza kueleza imani yangu pale pale, mtu ameshika mzigo, ana haraka. Dada mmoja wa stoo alidhani namdharau, tukapoteza mwaka mzima hatuongei vizuri. Sasa nasema, "Ahsante sana, na wewe uwe na siku njema na watoto." Sijasema nisichokiamini, naye hajaondoka na uchungu. Akitaka kujua zaidi ataniuliza tukiwa tumekaa.

Kuudhika na salamu, hapana. Kulazimishwa kuirudisha kwa maneno yale yale, hilo ndilo linaloniumiza mimi.

Mwalimu wa chuoni, Pemba

Dada yangu, nakupa pole kwanza. Mimi nasomesha watoto Qur'ani, na kwa kuwa jirani yako ni Muislamu mwenzangu, naomba unisikilize kwa utulivu.

Suala la Muislamu kumpongeza Mkristo kwa sikukuu yake ya dini lina khitilafu ya wanazuoni. Ibn al-Qayyim, mwanazuoni wa kale, ameliharamisha kwa maneno makali, na wapo wanaoshika kauli yake hadi leo. Katika wa zama zetu, Sheikh Yusuf al-Qaradawi ameruhusu, akitegemea aya ya 8 ya Surat al-Mumtahina, inayosema Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Mimi binafsi hiyo Heri ya Krismasi siisemi. Jirani yangu daktari kutoka Moshi ananijua hivyo, na tarehe 25 nampelekea karafuu na mkungu wa ndizi, namwombea afya yeye na wanawe.

Lakini wewe hukumtaka akupongeze. Wewe ndiye uliyesalimia, na aya ya 86 ya Surat an-Nisaa inatuamrisha tukiamkiwa tujibu kwa lililo bora au mfano wake. Kukuumbua mbele ya wanawake 22 hakumo humo. Hapo kakosa, na mimi Muislamu nasema kakosa.

Sasa rudi usome ujumbe wako. "Heri ya Krismasi" ni salamu. "Mtoto Yesu azaliwe mioyoni mwenu" si salamu tena, ni dua ya imani yako uliyoiweka ndani ya moyo wa mtu mwingine. Chukua mfano yeye siku ya Eid angeandika, "Mwenyezi Mungu awaingize nyote katika Uislamu." Wewe na wenzako wa kanisani mngeitikia amina?

Fundi wa Makorora

Maalim, nimelisoma jibu lako mara tatu nikiwa nimeacha gauni la mtu kwenye mashine. Mfano wako wa Eid umenipata. Nisingeitikia amina. Ningenyamaza, na ningeumia.

Nimetoka kwake sasa hivi. Nimebisha hodi, kafungua mwenyewe. Nimemwambia, "Jirani, ile ya moyoni nilikosea. Heri ya Krismasi sijakosea." Alikaa kimya kidogo, akasema ile ya moyoni ndiyo iliyomwasha, alihisi namhubiria mbele ya watu, mimi anayeniamini kuliko dada zake. Nami nikamwambia kuhusu sahani. Hapo akainamisha kichwa. Akasema alitaka nijue ameumia na hakuwa na njia nyingine.

Tumekubaliana hivi: yeye neno Krismasi hatalisema, na mimi sitamngojea aliseme. Kuku shemeji ataendelea kuchinja. Eid nikamuuliza ninyamaze? Akanishika mkono, "Thubutu! Usiponambia Eid mubarak wewe, nani aniambie?"

Mweka hazina amemrudisha kwenye kikundi usiku huu. Katiba yetu inasema anayejitoa kabla ya mgao anakatwa hisa. Nimewaandikia wenzangu kwamba zile siku zisihesabiwe, chanzo nilikuwa mimi, na kama lazima akatwe mtu, wakate kwangu.