Duka lilituita kwa kipaza sauti, sasa linasema tangazo lilikuwa "mwaliko tu"

Wanajukwaa, salaam. Naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kupanga hoja.

Wiki iliyopita gari la matangazo lilizunguka Kongwa likigawa vipeperushi kwamba Jumamosi saa mbili asubuhi, katika duka moja la vifaa vya umeme mjini Dodoma, watu 10 wa kwanza kufika watauziwa jokofu kwa shilingi 300,000. Nililala kwa shemeji yangu Nkuhungu ili nisichelewe, na alfajiri nikawa mtu wa nne kwenye foleni. Mlango ulipofunguliwa bei ilikuwa 680,000. Meneja alitueleza, bila hata kuomba radhi, kwamba kisheria tangazo ni mwaliko tu wa kufanya biashara. Tulipombana akabadili maneno na kudai kuwa ofa ilikuwa ya wateja wa zamani.

Alichosema mwanzoni ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo naikubali. Kwa kawaida mteja ndiye anayetoa pendekezo la kununua anapofika kaunta, na muuzaji ana hiari ya kulikataa, la sivyo mwenye majokofu matatu angeshtakiwa na mji mzima. Lakini tangazo hili lilitaja idadi, bei, siku na saa, kisha likatuambia la kufanya, kwa hiyo lenyewe lilikuwa pendekezo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 8, inatamka kwamba kutekeleza masharti ya pendekezo ni kulikubali. Sharti lilikuwa kuwahi, nami niliwahi.

Mwaka 1892 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba kampuni ya Carbolic Smoke Ball imlipe Bi. Carlill pauni 100 ilizoahidi gazetini kwa yeyote atakayetumia dawa yake kisha akaugua mafua, ikikataa utetezi kwamba yale yalikuwa majigambo ya biashara. Mwaka 1957 huko Minnesota, Marekani, duka lililotangaza vazi la manyoya kwa dola 1 kwa atakayewahi lilishindwa kesi na mteja aliyewahi, ingawa lilijitetea kwamba ofa ilikuwa ya wanawake pekee, sharti ambalo halikuwamo kwenye tangazo. (Linganisheni na "wateja wa zamani" wa meneja wetu.)

Hata mkataba ukiwekwa kando, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kipeperushi ninacho, picha ya foleni ninayo. Ninyi watatu mliokuwa mbele yangu, kama mnasoma hapa, nitumieni ujumbe tupeleke malalamiko kwa pamoja Tume ya Ushindani.