Tupeane uzoefu: Michezo ya kuhesabu magari tuliyocheza safarini utotoni

Mwanzisha mada, Malindi

Ndugu zangu, wiki iliyopita nilikuwa nikiendesha kutoka Malindi kwenda Mombasa, wanangu wawili wamekaa nyuma, kila mmoja ameinamia simu yake, na ghafla nikajikuta nimepaza sauti: "Hilo langu!" Mbele yetu lilikuwa limetokeza Peugeot 504 la zamani, limechakaa lakini linakwenda. Wanangu waliinua vichwa wakanitazama kama mtu aliyepandwa na pepo. Ndipo nilipoona kwamba tukusanye hapa michezo yetu ya magari, pamoja na kanuni zake na ugomvi wake.

Kwetu sisi, katika miaka ya 1980, kila gari lililokuja mbele yetu lilikuwa na mwenyewe kwa zamu: la kwanza la kaka yangu, la pili langu, la tatu la dada yetu mdogo, na hakuna aliyeruhusiwa kulikataa fungu lake. Aliyeangukiwa na trekta la mashamba ya mkonge ya Vipingo aliitwa "bwana mkonge" mpaka Mtwapa. Aliyepata 504 alivimba kichwa, kwa kuwa gari hilo lilikuwa limeshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na marehemu baba alitukumbusha ushindi huo kila safari, utadhani usukani ulikuwa mikononi mwake.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kiti. Kwa kuwa nchini kwetu huendeshwa upande wa kushoto wa barabara, magari yanayokuja hupita kuliani, na hivyo mtoto aliyekaa nyuma ya dereva ndiye aliyeyaona kabla ya wenzake na kuweza kudai kwamba zamu ilikuwa yake. Tulikuwa tukiamka alfajiri, si kwa hamu ya safari, bali kukiwahi kiti hicho. Mwishowe mama aliamua kwamba tubadilishane kwenye njia panda ya Gede, na uamuzi huo haukukatiwa rufaa.

Wakubwa wenzangu wataikumbuka Kilifi kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Tulipanga foleni kusubiri feri, na hapo mchezo ulisimama, kwa sababu gari lililosimama halihesabiwi. Feri ilipowasili kutoka ng'ambo, magari yalishuka kwa mkupuo mmoja, na katika dakika chache watoto watatu tulikuwa tukipiga kelele juu ya magari kumi na zaidi, zamu zimevurugika, dada analia. Baba alikuwa akinunua korosho hapo hapo, na mshindi wa kipande cha Malindi hadi Kilifi alipewa konzi mbili. Daraja liliposimama safari ikawa fupi na nyepesi, jambo ambalo wazazi walilishukuru, lakini mimi niliona kwamba mchezo umeibiwa moyo wake.

Nanyi mlicheza vipi? Na nani alikuwa mwamuzi?

Mchangiaji, Watamu

Mimi ni wa baadaye kidogo, na kwetu tulicheza kwa nambari za usajili. Magari yalipokuwa bado ya herufi KA, tulisoma herufi tatu za mwanzo pamoja na ile ya mwisho, tukitafuta neno la Kiswahili. KAT yenye A mwishoni ni "kata", KAK yenye A ni "kaka", KAP yenye U ni "kapu". Kwa watoto wa Watamu, neno lililotafutwa kuliko yote lilikuwa "kasa", kwa sababu kasa hutaga mayai kwenye ufuo wetu, na nyanya alikuwa ameahidi shilingi ishirini kwa atakayeliona. Ndugu yangu alidai kuliona karibu na Matsangoni nilipokuwa nimesinzia. Nyanya alimlipa, nami sijakubali hadi leo. "Kaya" ilichelewa mno kutokea, na ilipotokea tulikuwa tumeshakuwa wakubwa. Nilipoteza miaka mingi nikitafuta "kazi", mpaka mjomba aliponieleza kwamba herufi I na O hazitumiki, zisije zikachanganywa na moja na sifuri. Alinieleza huku akicheka, naye wakati huo alikuwa hana kazi.

Mchangiaji, Mambrui

Sisi hatukuwa na gari. Tulikaa chini ya mwembe kando ya barabara na magari ndiyo yaliyosafiri. Tulihesabu malori ya chumvi kutoka Gongoni pekee, kwa kuwa baba aliendesha mojawapo, na lilipopita lake alipiga honi mara tatu. Siku ambayo honi haikupigwa, hakuna aliyeshinda.

Mchangiaji, Lamu

Nanyi mnatuonea sisi wa kisiwani. Nilipokuwa mtoto, gari lililojulikana Lamu mjini lilikuwa moja tu, la mkuu wa wilaya, na mchezo wa gari moja hauna mshindi. Tulihesabu matanga. Tulipovuka kutoka Mokowe, mmoja alichukua majahazi, mwingine mashua, na mdogo wetu aliachiwa mitumbwi, naye mara nyingi ndiye aliyeshinda. Chombo kisichochorwa jicho ubavuni mwa omo kilihesabiwa nusu, kwa hoja ya kaka yangu kwamba kipofu hafiki.

Safari yangu ya kwanza ya basi kwenda Malindi ilikuwa wakati ule wa kusafiri kwa msafara wenye askari. Nilikuwa nimeambiwa kwamba bara kuna magari mengi, nikakaa dirishani kutoka Mokowe hadi karibu na Garsen bila kuona hata moja likija, nikaamini nimedanganywa. Kisha ukatokeza msafara wa kuelekea Lamu, mabasi, malori na Land Rover yakifuatana ndani ya vumbi moja, nami nikapoteza hesabu baada ya la sita.

Lakini nina swali kwa mwanzisha mada. Tulipokaribia njia panda ya Ngomeni tulikutana na lori lililobeba mashua mpya. Kaka yangu alidai alama mbili, moja ya gari na moja ya chombo. Kwa kanuni zenu za Malindi, angepewa?

Mwanzisha mada, Malindi

Nimempigia kaka yangu simu kuhusu shauri hili, maana trekta la mkonge lenye trela mbili lilitusumbua vivyo hivyo mwaka mzima. Anasema ni alama moja, kwa kuwa mashua ilikuwa mzigo. Dada anasema ni mbili, ila iwapo ilikuwa na jicho.