Tupeane uzoefu: ni mhusika gani wa Ted Lasso uliyemtazama ukajiona wewe?

Sanduku la Jezi

Habari za jioni wadau. Juzi nimemaliza tamthilia ya Ted Lasso kwa mara ya pili, misimu mitatu ya kwanza, sehemu 34, na safari hii nimegombana na mama watoto. Chanzo ni Nate. Yeye anasema yule kijana hakustahili kurudishwa Richmond hata kama mfagia uwanja. Mimi nikawa namtetea kwa sauti kubwa mpaka akaniuliza, "Kwani huyo Nate ni ndugu yako?"

Ndiyo nikafungua uzi huu. Tusisimuliane tamthilia, wengi tumeiona. Sema ni nani humo uliyemfahamu kutoka maishani mwako, na kama njia waliyompitisha ina ukweli au wametubambikia.

Kwa ambaye hajaiona: Bi Rebecca Welton anaipata klabu ya AFC Richmond ya London kwenye talaka. Anaagiza kocha kutoka Kansas, ndiye Ted, mtu wa mpira wa Kimarekani ule wa kubeba mikononi, asiyejua hata kuotea ni nini, ili timu ife na mumewe wa zamani aumie roho. Nate ndiye mtunza jezi, anapandishwa kuwa kocha, kisha anaisaliti timu.

Nianze mimi. Nilikuwa mtunza jezi wa timu ya mtaa, ndondo za Dar. Jumapili usiku nazifua kwa sabuni ya mche, naanika kwenye kamba kwa kufuata namba, maana 9 ikipotea ugomvi wake unafika kwa mjumbe. Hakuna aliyeniita kwa jina. "We jezi, lete maji." Ted alipomuuliza Nate jina lake siku ya kwanza, Nate akashangaa kuulizwa, mimi nilisimamisha video nikaenda kuchemsha chai.

Siku moja mapumziko tuko nyuma bao moja. Nikamnong'oneza kocha kwamba beki wao wa kulia akibanwa anageukia mguu wa kushoto, na kushoto kwake hamna kitu. Winga wetu akaambiwa ambane. Tukashinda 3-1. Wiki iliyofuata nilikaa benchi na filimbi shingoni.

Hapo ndipo nilipoharibika. Sanduku langu alipewa dogo wa miaka kumi na minne hivi. Siku moja akasahau maji. Nilimsimamisha katikati ya duara, timu nzima inatazama, nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Wala kiu haikuwepo, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nilitaka wale waliokuwa wakiniita "we jezi" waone kwamba sasa jezi ni mwingine. Hakujibu. Jumamosi iliyofuata jezi zilikuja zimekunjwa, kila moja na jozi yake ya soksi imechomekwa shingoni. Mimi sijawahi kuzikunja vile hata siku moja.

Kwa hiyo msimu wa 2 Nate alipoanza kumnyanyasa Will, mrithi wake, watu wakasema waandishi wamepotea. Mimi niliona Jumamosi ile.

Karibuni.

Bibi Kibanda

Mimi ni Rebecca, ila sina urefu wake wala nywele zake. Niko Mwanza.

Tulipoachana mume wangu aliniachia kibanda umiza. Nadhani alifanya makusudi maana alijua mpira siujui. Mabenchi ya mbao, king'amuzi, runinga mbili, moja ina mstari wa kijani katikati. Alikipenda kile kibanda kuliko alivyonipenda mimi. Nikasema nitakiua taratibu, naye asikie akiwa huko kwa mwenzangu. Nikapandisha kiingilio kutoka 500 hadi 1,000. Wakaja. Nikaondoa feni. Wakaja, wakavua mashati. Mwisho usiku wa nusu fainali ya Ulaya, watu wamejaa mpaka dirishani, nikaweka tamthilia ya Kituruki na rimoti nikaitia kwenye sidiria.

Walipiga kelele kama dakika kumi. Kisha wakaanza kuulizana huyu mwenye ndevu ni mume au ni kaka. Ilipoisha, kijana mmoja anayeuza samaki akanifuata: "Mama, hii kesho inaendelea?"

Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki peke yake.

Watu wanasema Ted alimsamehe Rebecca haraka mno alipokwenda kukiri. Nyie hamjawahi kusamehewa haraka. Ni afadhali utukanwe. Mimi nilipowaomba radhi vijana kwa ile mechi walinijibu, "Usijali mama, magoli tuliyaona kwenye simu." Nilikosa pa kuweka uso. Feni nimerudisha. Kiingilio hapana.

Namba Sita

Bibi Kibanda umenivunja mbavu.

Ila turudi kwa Nate. Mkuu mleta uzi, mimi sina shida na msamaha wenyewe, shida ni ulivyoletwa. Msimu wa 2 walimjenga kama fundi anavyopanga tofali. Anatema mate kwenye kioo kabla ya kuingia vitani. Anambusu Keeley, mpenzi wa kocha mwenzake Roy, na Roy anapoambiwa wala hakasiriki, jambo linalomuuma Nate kuliko kupigwa, maana hata kuonewa wivu hajafikia. Nywele zinakuwa mvi sehemu baada ya sehemu. Mwisho anachana lile bango la BELIEVE na kuhamia West Ham kwa Rupert, yule mume wa zamani wa Rebecca. Safi kabisa.

Kisha msimu wa 3 anaacha kazi West Ham na hatuoneshwi! Tunaambiwa tu ameondoka. Ni sawa na umeme ukatike dakika ya 80 urudi watu wanabadilishana jezi. Ule ndio wakati ambao mtu mzima anamwambia bosi wake "hapana" kwa mara ya kwanza maishani, nao wameuficha. Lakini nafasi ya yule mshambuliaji nyota Zava kuja, kufunga na kustaafu ilikuwepo. Nafasi ya kampuni ya Keeley ilikuwepo.

Uzoefu wangu mwenyewe sina. Mimi nimeajiriwa, hapana zangu zote nazisemea bafuni.

Mwalimu wa Michezo

Mimi niko upande wa mkeo.

Ninafunza shule ya upili upande wa Nakuru, na ni kocha wa voliboli ya wasichana. Mwaka wa 2019, tukiwa kwenye mashindano ya kaunti, seti ya tano, moyo ulianza kwenda mbio bila sababu. Vidole vikafa ganzi. Masikio yakaziba kana kwamba niko chini ya maji. Nikatoka, nikaenda nyuma ya basi la shule, nikashikilia gurudumu. Nilijua nakufa. Nakumbuka nilikuwa nahesabu nati za lile gurudumu, nafika sita nasahau, naanza tena. Wasichana walishinda bila mimi, nilisikia vigelegele tu.

Niliporudi niliwaambia ni tumbo. Ted anapoikimbia mechi ya Tottenham robo fainali ya Kombe la FA naye alisema ni tumbo. Sijui kwa nini sote tunakimbilia tumbo.

Nilimwambia mtu mmoja, mwalimu mwenzangu na rafiki yangu. Jumatatu habari ilikuwa kwenye grupu la walimu, na kikatuni cha kucheka mwishoni. Kwa muda mrefu wakiniona na vikombe wananiuliza kama tumbo limepona.

Nate aliivujisha siri ya Ted kwa gazeti na hakuthubutu kumwambia. Aliyemtaja ni Trent Crimm, mwandishi mwenyewe, na ikamgharimu kazi. Kwa hiyo hao wawili, mwandishi wa habari ndiye aliyekuwa muungwana! Sanduku la Jezi, wewe unaitazama hadithi ukiwa umesimama alipo aliyekosa. Njoo huku kwenye gurudumu.

Rafiki yangu siku hizi ana cheo. Tunasalimiana vizuri. Nikiulizwa kama nimemsamehe nasema nimemzoea.

Sanduku la Jezi

Mwalimu, pole sana. Nimesoma mara mbili, nikampa mke wangu naye akasoma, akanitazama tu.

Nate simtetei tena kwa sauti. Ila kuna ile picha. Nate anamlalamikia Ted kwamba picha aliyompa zawadi ya Krismasi haipo ofisini. Kumbe Ted ameiweka nyumbani kwake, jirani na ya mwanawe. Nate hakuwahi kuuliza. Nami yule kocha wetu nilimnunia mwezi mzima kwa sababu hakunipongeza mbele za watu, baadaye nikasikia alikuwa akinisifia kwa mkewe kila akirudi kutoka uwanjani. Mtu aliyezoea kutoonekana akishaonekana mara moja anataka aonekane kila dakika. Hiyo naijua, sijivunii.

Mtoto wa Tononoka

Wallahi mwamjadili Nate utadhani wengine hawakucheza. Safari iliyonyooka kuliko zote ni ya Jamie Tartt, yule mshambuliaji mwenye maringo.

Mzee wangu hakuwa akikosa mechi. Watu walisema yule baba ampenda mwanawe. Alikuwa akisimama nyuma ya goli la upande ninaoshambulia, makusudi, nimsikie. Siku moja nilifunga mawili, tukashinda 2-0, na kutoka uwanja wa Tononoka mpaka nyumbani alinihesabia niliyokosa. Sikuambiwa hata moja kuhusu yaliyoingia.

Kulikuwa na mwenzangu tukigombania namba. Hatukusemeshana mwaka mzima, yeye akiniona mwenye maringo, na kweli nilikuwa nayo. Halafu ikaja siku mzee akaingia uwanjani mechi imesimama, akanivuta kwa shingo ya jezi. Wote waliinamisha macho, kila mtu ghafla ana kamba ya kiatu ya kufunga. Aliyekuja ni yule hasimu wangu. Akanishika kiganja, akasema, "Twende tukanywe maji." Maji hatukunywa. Tulikaa nyuma ya ukuta hadi adhana ya magharibi, na hakuniuliza neno.

Sasa fikirieni nilivyokuwa nikiangalia ile ya Wembley. Richmond imefungwa tano bila na Man City, baba yake Jamie aingia chumba cha kubadilishia nguo kumdhalilisha, Jamie ampiga, Coach Beard, msaidizi wa Ted, amtoa yule mzee. Kimya. Halafu Roy Kent, aliyekuwa hawezi kumuangalia Jamie bila kutukana, avuka chumba kizima na kumkumbatia. Hakuna maneno. Wapo waliosema haikuandaliwa vya kutosha. Mambo hayo hayaandaliwi, ndugu zangu. Na hata baadaye hawakuwa marafiki wa kubembelezana: Roy amuamsha saa kumi alfajiri kukimbia gizani. Hayo ndiyo mapenzi yenyewe.

Kilichonikera ni mwisho. Wamuonesha Jamie amekaa na baba yake kwenye kituo cha kuacha pombe, sekunde chache, kisha wasonga mbele. Sikupenda. Lakini mzee wangu amefariki 2016 na sisi hatukuwahi kukaa vile, kwa hivyo huenda ni wivu tu.

Abiria wa District

Nimekuja kupoza. Niko Uingereza mwaka wa tisa sasa. Richmond ni mahali pa kweli, timu ndiyo ya kubuni. Ukishuka kituo cha mwisho cha treni za District unatembea dakika chache unauona uwanja wa majani na ile baa, ila imeandikwa The Prince's Head. Nelson Road, uwanja wa timu kwenye tamthilia, nao ni Selhurst Park ya Crystal Palace. Mwanangu aligoma kukubali kwamba timu haipo, kwa sababu ameichezea kwenye FIFA 23 na amenifunga nayo.

Wangu ni Sam Obisanya, yule mchezaji wa Kinigeria. Wanasema hana safari, mwema mwanzo mwema mwisho. Mnakumbuka alivyoziba nembo ya mfadhili kwa tepu nyeusi kisha wenzake wakafuata? Ghala nililoanzia kazi, msimamizi alituita Waafrika wote kwa jina moja. Kijana wa Kinigeria akabandika tepu kifuani akaandika jina lake lote kwa kalamu nene, likazunguka hadi kwapani. Hakusema kitu. Kesho yake tukabandika wote, mpaka Mpolandi wa mlango wa tatu. Msimamizi alijifunza majina ndani ya wiki, ila langu mpaka naondoka alikuwa analikosea kwa juhudi.

Na safari ya Sam ipo. Anayejua kutabasamu kwa kila mtu ndiye huchelewa kujifunza kukasirika.

Namba Sita

Mleta uzi, swali dogo. Nate alirudi kama msaidizi wa Will, yule yule aliyemnyanyasa, na kabla ya hapo alimwandikia barua ya kuomba radhi. Wewe dogo wa soksi ulishawahi kumtafuta?

Mwalimu wa Michezo

Nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Sanduku la Jezi

Namba yake niliipata jana kwa beki wetu wa zamani. Dogo ana bajaji yake siku hizi, ana watoto wawili. Saa tatu usiku nikamwandikia "mambo vipi". Akajibu "poa, nani mwenzangu?"

Nimekwama hapo. Mke wangu anasema niandike jina langu kwanza. Sina hakika kama analijua.