Nina sentimita 147, mimba ya kwanza, kweli mfupi lazima kisu?

mama_mtarajiwa_mwera:
Habari zenu wapendwa. Mie nakaa Mwera huku Pangani, mimba ya kwanza wiki ya 33. Siku ya kwanza kliniki nesi alinivulisha ndala akanisimamisha ukutani akapima, akaandika 147 kwenye kadi akazungushia duara kwa kalamu nyekundu, hakunieleza kitu na mie nikaona haya kuuliza. Tangu hapo kila mtu ana lake, mawifi wanasema kwa urefu wa kaka yao mtoto hapiti, shoga yangu ananambia niombe operesheni mapema nisiteseke bure, mama mzazi nae mfupi kama mie anasema katuzaa wanne wote kawaida. Usiku silali. Naombeni ukweli.

mkunga_wa_tanga:
Mwanangu hongera na pole kwa wasiwasi. Hilo duara ni kwa sababu mama wa chini ya sentimita 150 anatakiwa aangaliwe kwa karibu zaidi, hujahukumiwa kisu. Shida hasa iko kwenye nyonga, na nyonga hatuioni kwa macho ndo tunapima urefu kama dalili. Mfupi mara nyingi na nyonga yake ndogo, kwa hiyo wafupi wanapasuliwa zaidi kuliko warefu, hilo sikufichi. Lakini wengi wao wanazaa kawaida tu, maana mtoto mara nyingi anakuja wa kiasi cha mamake hata kama baba mrefu, na mifupa ya kichwa chake haijaungana bado, inapishana kidogo akiwa anapita.

Ukweli unajulikana uchungu ukishaanza. Mkunga anapapasa tumbo na vidole vyake kuona kichwa kimebaki kiasi gani juu ya nyonga, anapima njia, anaandika kwenye chati. Njia ikifunguka na kichwa kikashuka tunaendelea. Uchungu ukiwa mkali halafu njia imesimama na kichwa kiko pale pale, daktari anaitwa na hapo hatusubiri, maana uchungu uliokwama unapasua mfuko wa uzazi, au mama anabaki na fistula mkojo unamtoka mwenyewe. Ndo maana nakusihi mwanangu, mimba ya kwanza na kimo hicho usizalie nyumbani wala zahanati isiyo na chumba cha upasuaji.

bi_mdogo_makorora:
Mie nina 145, nimezaa watatu. Wa kwanza kilo 2.8 kawaida, wa pili kilo 3 kawaida, nikajiona nimeshafuzu. Wa tatu kilo 3.9 akakwama, nikapasuliwa saa tisa usiku, wote wazima alhamdulillah. Kwa hiyo hata ukizaa huyu vizuri wa pili usibweteke. Na operesheni nayo si kulala ukaamka, kidonda kiliniuma wiki nyingi, kucheka tu nashika tumbo, na ukishapasuliwa mimba zinazofuata zote ni za hospitali.

dada_mrefu:
Mie futi 5 na inchi 9 nilipasuliwa, mtoto alitanguliza makalio. Urefu haukunisaidia kitu, waambie hao mawifi.

mkunga_wa_tanga:
Kweli kabisa, na mtoto akilala vibaya mrefu na mfupi wote sawa. Mwera, wiki ya 36 nenda kliniki muulize nesi kwa mdomo wako, mtoto kalalaje na anakisia mkubwa kiasi gani. Usione haya, kadi ni yako.

mama_mtarajiwa_mwera:
Ahsante mama, ahsanteni wote, nimelia kidogo ila moyo umetulia. Nimempigia dada yangu yuko Ngamiani, Tanga mjini, kasema nikifika wiki ya 37 nihamie kwake ili uchungu ukianza iwe bajaji moja tu mpaka hospitali ya Bombo. Mume kakubali, keshaanza kuweka pembeni pesa ya mafuta. Operesheni siombi mapema tena, nitangoja mwili wangu useme.

bi_mdogo_makorora:
Chukua na kanga za kutosha shoga, angalau sita, na usije Ngamiani ukaacha kadi Mwera.